Mikato Minane

Usiguse! Kwa macho tu. Kila mwaka nawaambia hivyo, na kila mwaka lazima atokee mjuaji mmoja wa kutia kidole. Hicho kiuzi cheupe mnachokiona kimepita chini ya upinde wa mshipa mkuu, hapo juu ya moyo, kilinichukua siku kumi na moja kukifunua kwa kibano na brashi ya kuchorea. Ukikikata kwa huo ukucha wako, mimi na wewe tutatafutana.

Haya, sogeeni. Mnajiuliza kwa nini mzee mzima anagombana na watoto wa watu kwa sababu ya uzi. Nitawaambia mara moja tu, na nikimaliza sitaki maswali.

Kwanza, mimi si daktari. Mlijue hilo mapema msije mkanipa sifa zisizo zangu. Mimi ni fundi wa chumba hiki. Watu wanaojitolea miili yao wakiwa hai ili nyinyi msome, wakishafariki wanaletwa kwangu, nami ndiye ninayewaandaa. Hii ni kazi yangu miaka thelathini na mitano sasa. Walimu waliopita hapa walinibandika jina la Wembe, nami nikalipenda kuliko lile nililopewa na mama yangu, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kutoa moyo kifuani kama mimi.

Moyo una mishipa mikubwa minane. Miwili inauletea damu kutoka mwilini, minne inauletea kutoka mapafuni, mmoja unapeleka damu mapafuni, na huo mkuu unaisambaza mwili mzima. Mikato minane, basi, moyo uko mkononi. Wenzangu walikuwa wakihangaika asubuhi nzima, mimi kabla chai yangu haijapoa nimeshamaliza. Siri ilikuwa moja. Kabla ya kukata nilipitisha kidole kuizunguka mishipa nikafyeka kila kilichoizunguka: mafuta, utando, nyuzinyuzi, vyote nje, kama mtu anayepalilia shamba. Nilikuwa naviita takataka. Kisha moyo nauosha, nautia kwenye chupa, unapendeza kweli. Chupa zote zile kwenye rafu ni kazi ya mkono wangu. Zitazameni. Mioyo misafi, haijashikana na kitu chochote.

Sasa mimi nina mdogo wangu. Nilikuwa naye, niseme hivyo.

Tulizaliwa wawili tu, na nadhani mama alipotugawia, mimi alinipa hasira zote na yeye akampa sauti yote. Alikuwa mshereheshaji. Harusi, mahafali, watu kuagwa kazini, popote penye viti na kipaza sauti mlimkuta. Walimwita Spika, na halikuwa jina la bure. Umeme ukikatika katikati ya sherehe hakuhangaika, aliweka kipaza sauti mezani akaendelea, na waliokaa nyuma kabisa walicheka pamoja na waliokaa mbele. Alikuwa anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu, na akiwa na furaha nilikuwa namsikia kabla sijamwona. Nikimwambia apunguze kelele, ananijibu, "Kaka, wenzako wanalipa kiingilio, wewe unasikia bure na bado unalalamika!"

Mwanzoni mwa mwaka ule sauti yake ikaanza kukwaruza. Tukamcheka. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akanywa maji ya ndimu, maana ukiugua koo kila mtu anageuka mganga. Alikwenda zahanati, wakammulika kooni kwa tochi, wakasema pana wekundu kidogo, wakampa vidonge. Vidonge vikaisha, sauti ikazidi kwenda.

Siku moja akaja hapa hapa. Chumba hiki alikuwa hakiogopi. Kila akiingia aliwasalimia hata waliolala mezani, "Shikamooni wazee wangu," halafu ananitupia jicho aone kama nimekasirika. Siku hiyo aliwasalimia kama mtu mwenye pamba mdomoni.

"Kaka," akasema, "wewe unawajua watu kwa ndani. Hivi sauti inakaa wapi?"

"Kooni. Ulidhani inakaa kwenye goti?"

"Kooni tu? Maana mimi nasikia kama kuna kitu kinavuta hapa." Akaweka kidole chini kidogo ya shingo, pale kidari kinapoanzia, upande wa kushoto.

Wakati huo nilikuwa na moyo mkononi, nausafisha. Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Hapo ni kwangu, na kwangu sauti haipiti. Mimi ni mtu wa moyo. Wewe umepiga kelele tangu uko tumboni, koo limechoka. Funga mdomo mwezi mmoja, na sisi tupumzike."

Akacheka. Kicheko chenyewe kilitoka hewa tupu. Nami nikacheka naye, kisha nikarudi kwenye moyo wangu. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba makofi.

Baada ya hapo binti yangu akaposwa. Ninaye mmoja tu, na aliyemfundisha kutembea si mimi, ni baba yake mdogo. Kwa hiyo suala la nani atasherehesha halikujadiliwa hata kidogo. Harusi ya mwanangu bila Spika si harusi, ni mkutano. Nilimpigia simu kumpa tarehe, akanijibu kwa ujumbe: "Usijali kaka." Miezi miwili iliyofuata kila nikimpigia hapokei, anajibu kwa ujumbe ule ule, usijali kaka, usijali kaka. Nikasema moyoni mwangu, bwana mkubwa huyu siku hizi ana shughuli nyingi mpaka ndugu yake anajibiwa kwa maandishi.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, watu mia mbili na hamsini, wakwe mstari wa mbele. Mdogo wangu akapanda jukwaani na suti yake ya kijivu, kiatu kinang'aa, akashika kipaza sauti, akafungua mdomo. Kikatoka kitu kama upepo unaopita chini ya mlango. Watu wakadhani ni mitambo. Fundi akabadilisha waya. Akajaribu tena, akajikaza mpaka jasho likamtoka, ikatoka minong'ono. Watoto wakaanza kucheka. Baba mkwe wa binti yangu akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Huyu ndiye yule uliyemsifia?"

Jamani, hasira hasara. Damu ilinipanda. Kichwani nilishajua kesi yote: jana alikuwa kwenye sherehe ya watu, amekwenda kuimalizia sauti huko kwa wageni. Nikapanda jukwaani, nikamnyang'anya kipaza sauti, na kwa bahati mbaya kilikuwa kinafanya kazi barabara.

"Kama huna sauti kaa chini!" nikasema. "Watu baki unawapa sauti nzima, mimi ndugu yako unaniletea makapi!"

Ukumbi mzima ulisikia. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akashuka taratibu, akaenda kukaa meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni. Binti yangu alilia, na watu wakasema bibi harusi ana furaha.

Siku kumi na tisa hatukusemezana. Nilikuwa namsubiri aje aniombe radhi, maana mkubwa ni mimi, bwana, haiwezekani mkubwa amfuate mdogo. Mara moja mkewe alipita nyumbani. Alisimama pale mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Shemeji," akasema, "mdogo wako hali vizuri. Chakula kinamkwama."

"Kinamkwama kwa aibu," nikamjibu. "Mwambie ameze na maji."

Akaaga, akaondoka. Hayo maneno ni yangu, sikusingiziwa na mtu.

Siku ya ishirini ndiyo huyu Daktari wenu alipoanza kazi hapa. Umri wake na wa binti yangu ni mmoja. Akazunguka kwenye rafu, anasoma vibandiko, anainama, anainuka. "Mzee, kazi yako safi sana," akasema. Kichwa kikavimba. "Ila hii mioyo yote umeikata kila kinachoishikilia. Mwanafunzi akiiona hivi atadhani moyo ni embe, unachumwa. Naomba uniandalie mmoja ukiwa mahali pake. Usikate kitu."

Nikaona dharau hiyo. "Daktari," nikamwambia, "mimi nilikuwa natoa mioyo wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakuomba wewe," akasema. Akavaa glavu, akasimama upande wa pili wa meza.

Tulianza asubuhi, na siwafichi, niliona haya. Kifua nilichokuwa nakijua kama mfuko wa suruali yangu, sikuwa nakijua. Niliona mfuko unaouvika moyo umegandana chini na kile kiwambo tunachopumulia, kwa hiyo kila ukivuta pumzi moyo wako unashuka nayo. Niliona kamba nyembamba zinaufunga mbele kwenye kidari. Umio umelala nyuma yake, umeugusa kabisa, na mapafu yameubana huku na huku. Mimi miaka yote nilikuwa nautazama moyo kama mtu anayeishi peke yake. Kumbe ni mtu wa nyumba iliyojaa ndugu, hageuki bila kumgusa mtu.

Kisha Daktari akanionyesha uzi mweupe unaoshuka kutoka shingoni. "Fuata huo," akasema. Kidole changu kilikuwa kimeshajikunja kuufyeka, mazoea yana tabu. Akanishika mkono. Nikaufuata kwa kibano. Ukapita mbele ya upinde wa mshipa mkuu, ukatoa tawi. Tawi likaingia chini ya upinde, likauzunguka, likatokea nyuma, halafu likaanza kupanda kurudi kule kule lilikotoka.

Nikacheka. "Huyu naye amesahau nini juu?"

"Sauti," akasema Daktari. "Hii ndiyo neva ya sauti ya upande wa kushoto. Inashuka kwanza mpaka hapa kwenye moyo, inazunguka, ndipo inapanda kooni kufanya kazi yake. Mshipa huu ukivimba unaivuta. Sauti inakauka, mgonjwa anakunywa tangawizi miezi na miezi, na koo lake halina kosa lolote. Uvimbe ukizidi unabana na umio, chakula kinaanza kukwama."

"Ukiachwa hivyo hivyo?"

"Unapasuka, mzee."

Kibano kilinidondoka. Nilivua glavu moja tu, nyingine ikabaki mkononi, nikatoa simu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Niliona kidole changu, kile kile cha kufyekea, kinabonyeza jina lake. Uzi ule nilikuwa nimeukata mara ngapi? Sijui, mamia. Ulipita mkononi mwangu kila wiki kwa miaka thelathini na moja na sikuwahi kuuliza unakwenda wapi, na mdogo wangu mwenyewe alikuja akaweka kidole pale pale.

Simu iliita sana. Nikawa namwomba Mungu, apokee, apokee tu. Akapokea.

"Nenda hospitali sasa hivi!" nikamwambia, hata salamu sikutoa. "Si zahanati, hospitali kubwa! Waambie wakupime kifua, mshipa mkuu wa moyo! Umenisikia?"

Upande wake palikuwa na mashine ya kukatia vyuma, inalia kama inakata simu yenyewe. Chini ya ile kelele nikasikia pumzi. Alikuwa anasema kitu.

"Unasemaje?"

Pumzi tena, ndefu kidogo, halafu mashine.

Hofu yangu mimi haijui kulia, inageuka ukali, ndivyo nilivyoumbwa. Nikampigia kelele, "Sema kwa sauti wewe! Mbona hujibu kama watu?"

Simu ikakatika.

Nilimkuta shemeji hospitali, kwenye benchi la mapokezi, ameshika viatu vya mumewe mapajani. Akaniambia mdogo wangu aliamka alfajiri na maumivu katikati ya mabega, naye shemeji akawa anambembeleza waende walau duka la dawa. Walikuwa wamekaa nje ya karakana ya milango ya chuma apumue kidogo nilipopiga. Baada ya simu yangu aliinuka bila ubishi, akamwonyesha kwa mkono, hospitali kubwa. Wakapata gari. Alitembea kwa miguu yake mpaka kwenye ngazi za mlango, hapo akaanguka.

Daktari wa zamu alitoka baada ya nusu saa, naye sikuhitaji kumsikiliza, miaka thelathini na moja naijua sura ya mtu anayekuja kuniletea kazi. Alituambia mshipa umepasuka. Kisha akauliza, "Sauti yake ilibadilika lini?"

"Mwanzoni mwa mwaka," nikasema.

Akaandika kwenye karatasi yake. Halafu akasema mngemleta mapema tungejaribu. Hakusema zaidi, na wala sikumtaka aseme zaidi.

Tulipokwisha kuzika nilikwenda kwa shemeji kumwomba radhi. Niliongea, nikajikwaa, nikaongea tena. Yeye hakunikatiza. Nilipomaliza aliinuka akaniletea daftari la shule, lile la kurasa mia. Nikalifungua. Ni mwandiko wa mdogo wangu, ukurasa baada ya ukurasa. Nipe chumvi. Funga dirisha, mvua inakuja. Mpira leo saa ngapi? Umependeza, unakwenda wapi?

"Hili nini?" nikauliza.

"Alikuwa haongei," shemeji akasema. "Miezi miwili kabla ya harusi alikataa kazi zote, na humu ndani tukawa tunaandikiana. Alisema anaitunza sauti kwa ajili ya binti yako. Wewe si ulimwambia afunge mdomo mwezi mmoja? Yeye akaona afunge miwili, ili asikuangushe."

Nililia, wanangu. Nililia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wageni na daftari limefunguka magotini, mzee mzima, na shemeji ndiye aliyeniletea maji. Watu wanasema majuto ni mjukuu. Si kweli, mjukuu unamtuma dukani. Haya hayatumwi, yanakaa na wewe ndani.

Niliporudi kazini nilimwambia Daktari nitamaliza ule moyo mwenyewe, asinisaidie mtu. Siku kumi na moja. Huo ndio mnaoutazama, na kila kilichoushikilia kipo. Zile chupa zangu nilitaka kuzitoa kwenye rafu, Daktari akakataa, akasema ziache, waone kazi zote mbili. Kwa hiyo mkimaliza hapa nendeni mkazitazame, mkatafute ule uzi. Hamtauona kwenye hata moja. Wembe aliukata.

Limebaki jambo moja, ambalo sikuwahi kumwambia hata binti yangu. Siku ile, kabla sijaondoka kwa shemeji, nilimuuliza. Nilimwambia, ulikuwa umekaa naye bega kwa bega, nilipopiga simu alikuwa anasema nini? Akawa anakunja ncha ya khanga yake.

"Alikuwa anacheka, shemeji," akasema. "Alisema, 'Kaka! Kumbe namba yangu hujaifuta.'"

Alisema mara mbili. Mara ya kwanza aliona sijamsikia, kwa hiyo mara ya pili alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hapo ndipo mimi nilipompigia kelele aseme kwa sauti.